Kombe la Mtoano na Viwanja vya Kinondoni

Desemba 22, 2017, katika uwanja wa Chamazi, timu ya Green Warriors ya Mwenge, iliyokuwa ikicheza Ligi Daraja la Pili, iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju 4-3 ya penalti, baada ya sare ya bao 1-1. Simba ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi. Mei mwaka ule ule ilikuwa imeifunga Mbao ya Mwanza mabao 2-1 mjini Dodoma. Haukupita muda mrefu kocha wake mkuu akaondolewa. Mazungumzo ya mji mzima yakawa juu ya Simba: nani alaumiwe, nani afukuzwe. Ni wachache waliouliza vijana wale wa Mwenge walikuwa wametoka wapi na walifunzwa na nani.

Sisi tunaona swali hilo ndilo lenye maana zaidi. Mashindano ya mtoano hayatofautiani na ligi kwa jina tu. Ligi humpa tuzo mwenye fedha na kikosi kipana, kwa kuwa anao msimu mzima wa kusahihisha makosa yake. Mtoano humpa mnyonge dakika 90. Kwa njia hiyo Mtibwa Sugar ilitwaa kombe hili mwaka 2018, na Namungo ya Ruangwa, iliyofungwa na Simba katika fainali ya mwaka 2020 mjini Sumbawanga, ikapata nafasi ya kwenda Afrika na kufika hatua ya makundi. Lakini mnyonge huyo hana budi kwanza avuke raundi za awali, ambazo magazeti, na letu likiwamo, huziandika kwa mistari miwili kama tangazo la msiba wa jirani wa mbali.

Watakuwapo watakaotukumbusha kwamba Green Warriors ni timu ya askari, si ya mtaani. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yetu ilipo. Askari ana pahali pa kufanyia mazoezi na hana wasiwasi wa mlo wa jioni. KMC nayo, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, ina Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni nyuma yake. Je, kijana wa Tandale au Mwananyamala, ambaye klabu yake haina mlezi ila michango ya wanachama, atafika vipi kwenye mashindano ya taifa? Njia yake huanzia katika ligi ya wilaya, ipite mkoani, ndipo aonekane. Ligi ya wilaya haichezwi hewani. Inahitaji ardhi.

Kila mtumishi anayekaa Kinondoni ameona kwa macho yake jinsi ardhi hiyo inavyopungua. Kiwanja cha wazi huanza kwa kuwekewa kibanda kimoja pembeni, kisha gereji, kisha ukuta; na siku watoto wanapofukuzwa huwa pana mtu mwenye karatasi mkononi. Karatasi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilipita mezani kwa ofisa fulani, akaitia sahihi. Tunayasema haya bila kumtaja mtu, lakini mwenye sahihi anajijua.

Inafaa kukumbuka kwamba fainali za kombe hili zimechezwa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Lake Tanganyika mjini Kigoma na Mkwakwani mjini Tanga, viwanja ambavyo ni mali ya Chama. Waliotangulia waliona kuwa uwanja wa mpira ni jambo la umma. Itakuwa ajabu sisi tuliorithi viwanja vikubwa tushindwe kulinda vile vidogo, ambavyo havihitaji saruji wala majukwaa, ila mpaka ulioandikwa na kuheshimiwa.

Walimu nao wanayo sehemu yao. Shule nyingi za Kinondoni hufunga malango saa za jioni, na kiwanja kikabaki kitupu huku watoto wale wale wanaokitumia katika UMITASHUMTA wakicheza barabarani. Tunafahamu hofu ya mwalimu mkuu: kioo kikivunjika, yeye ndiye atakayeulizwa. Basi na apewe mlinzi na maandishi ya kumkinga, badala ya kuachiwa mzigo peke yake.

Na upo uwanja wa KMC pale Mwenge. Katika msimu wa 2024/25 Simba na Yanga waliutumia kuwa uwanja wao wa nyumbani. Hatuna kinyongo na hilo, kwani mapato ni mapato. Tunachoomba ni kwamba Manispaa, kwa kushirikiana na chama cha soka cha wilaya, itenge kila msimu siku chache ambazo klabu za mitaa za Kinondoni zitacheza pale mechi zao za kuwania kupanda ngazi, bila kutozwa kodi ya uwanja, na wazazi wao wakiwa majukwaani. Ratiba ya msimu ujao ndiyo ianze na siku hizo.