Kabla ya karo, ulizia studio

Mhariri,

Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, vijana wa huku Makebuko wanaotamani shahada ya uandishi wa habari huanza kuulizana: Bujumbura au Tanzania? Wengi huamua kwa karo na ukubwa wa jina. Mimi nasema waulizie studio kwanza.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza, kilichoanzia Nyegezi mwaka 1960 kama chuo cha mafunzo ya jamii na kupanda hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 1998, kina redio yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina redio na televisheni ya Mlimani. Kijana anayemaliza miaka mitatu bila kushika kinasa sauti, wala kukata na kuunga sauti ya mama anayelalamikia bei ya maharagwe sokoni, atafundishwa upya na mwajiri. Akimpata, lakini!

Lugha nayo si jambo dogo. Bujumbura masomo ni kwa Kifaransa. Ng'ambo ya mpaka ni Kiingereza darasani na Kiswahili mitaani. Ila wasikilizaji wetu wa vijijini wanataka habari kwa Kirundi, na anayekwenda kusoma nje asiache kukiandika.

Naomba gazeti lako litembelee vyuo hivi, vya ndani na vya nje, lituchapishie vifaa vilivyopo na karo ya kila mwaka kabla usajili haujaanza. Wazazi tunauza ng'ombe kwa ajili hiyo.

Msomaji wako,
Makebuko, Gitega