Kijisanduku cha Kiunoni

Wasomaji waliongojea mapishi wataniwia radhi. Juma hili nina neno la vyombo vya sauti, maana limetufika wanawake.

Nilikwenda kumzuru dada yangu Githurai 45, ule mji wa kando ya barabara kuu ya Thika uliopata nambari yake kwa basi, ambamo soko, matatu, makanisa na msikiti vinaishi bega kwa bega. Tukahudhuria darsa ya akina mama katika ukumbi wa kukodi. Ustadha alibandikwa maikrofoni ndogo kifuani, na kijisanduku cha kurushia sauti kikafungwa kiunoni, ndani ya buibui. Darsa ilipokwisha, mama mmoja alimwita pembeni kumwuliza jambo la ndoa yake. Kijisanduku kilikuwa kingali hai. Maneno mawili matatu yalikwisha kutoka katika spika kabla ya binti mmoja kuikimbilia amplifaya na kuizima. Yule mama alijifunika uso kwa ushungi, akaondoka bila ya kuaga.

Wako waliomlaumu ustadha. Mimi naona lawama ni yetu tuliomvisha chombo tusimwoneshe swichi yake.

Tena, kuzima spika peke yake si sitara. Maikrofoni nyingi za bei nafuu zisizo na waya hurusha sauti wazi, kama redio. Mwenye kipokezi cha masafa hayo hayo, nyumba ya pili, husikia kila kitu. Kwa hiyo darsa ya tohara au ya unyumba, ikiwa chumba ni kidogo, mwalimu na aseme kwa kinywa chake. Chumba kikiwa kikubwa, tumieni maikrofoni ya waya.

Sauti kukatikakatika ni shauri jingine. Buibui halina kosa hapo, kwani mawimbi hupenya nguo. Kinachoyameza ni mwili wetu, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Antena isikunjwe wala isigandamane na ngozi, na kipokezi kiwekwe juu, mahali panapomwona mwalimu, si kabatini nyuma ya amplifaya. Maikrofoni yenyewe ikae shibiri moja chini ya kidevu, juu ya ushungi. Ikifichwa ndani, mnasikia mkwaruzo wa kitambaa tu. Betri mpya kila darsa, jamani, hata kama ya jana "bado ina nguvu".

Masafa nayo yachunguzwe saa ile ile ya kazi. Yaliyokuwa matupu Jumanne yaweza kujaa Jumapili, makanisa yakiwasha yao. Na anayeuziwa kitu cha mtumba aulize masafa yake kwanza: tangu runinga za analogi zizimwe mwaka 2015, masafa ya megahezi 800 yamekuwa ya intaneti ya simu, na maikrofoni ya zamani ya huko hufoka kelele.

Dada yangu ameshona kifuko cha mkanda chenye kidirisha, taa ya kijisanduku ipate kuonekana, na binti yule aliyekimbilia amplifaya ndiye sasa anayemvua ustadha kabla mtu hajamkaribia. Yule mama amepelekewa salamu mara mbili. Bado hajarudi darsani.