Kobe Mtoto Si Pambo la Nyumba



Leo naweka pembeni magauni na mapambo ya ukumbi, nataka tuzungumze habari ya kobe. Msicheke. Dukani kwangu, bibi harusi anapokuja kupimwa, mazungumzo huwa mengi, na si mara moja nimesikia kobe mdogo akitajwa miongoni mwa zawadi za nyumba mpya. Kaka yake kamletea, au shemeji kampata mahali. Anaenea kwenye kiganja, anapendeza kwenye picha, halafu inasemwa kuwa hana taabu kwa sababu halii wala haharibu kapeti.

Mimi nasema hivi: kobe mtoto si pambo, wala si kitu cha kuchezea watoto. Ni amana, tena amana ndefu kuliko nyingi tunazopokea siku ya harusi. Kama huna nafasi ya kuibeba, ikatae kwa adabu. Kama unaibeba, ibebe sawasawa.

Swali la kwanza ni hili: ametoka wapi? Sisi watu wa visiwani tunalo somo letu hapo Changuu. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alileta zawadi ya kobe wakubwa 4 wa Aldabra. Wakazaana, na kufikia mwaka 1955 walikuwa karibu 200. Kisha wakaanza kuibwa, wengine kwa kuliwa, wengine kwa kuuzwa nje wafugwe majumbani. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki 7 tu. Mwaka huohuo wakaletwa watoto 80 ili kuongeza idadi, na 40 kati yao wakapotea. Ndiyo maana leo wamejengewa uzio. Basi ukiletewa kobe wa kiganjani na aliyemleta hawezi kusema amempata wapi, usiseme "zawadi haikataliwi". Kitu cha wizi hakiwi halali kwa kufungwa utepe. Na kobe wote wa nchi kavu wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kumvusha mpaka kwenye begi la nguo ni kujitafutia kesi. Hata kumweka nyumbani, uliza kwanza ofisi inayohusika na misitu na wanyamapori kama kibali kinatakiwa. Kuuliza si ujinga. Na tusichanganye: kasa ni wa baharini, huyo hafugwi kabisa.

Tuseme sasa umempata kwa njia ya haki. Wengi hukosea kwa kudhani kuwa mnyama mkimya ni mnyama asiye na haja. Kobe mtoto gamba lake bado laini, na hukauka upesi mwilini akikosa maji. Mwogeshe karibu kila siku kwenye sahani pana yenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, dakika 15 hadi 20. Humo hunywa, na humo hujisaidia, kwa hiyo maji yakichafuka yamwage na uoshe chombo. Chombo hicho kiwe chake peke yake, kisirudi jikoni.

Anahitaji jua lenyewe, si jua linalopita kwenye kioo cha dirisha, maana kioo huzuia mionzi inayomsaidia kujenga mifupa. Lakini awe na kivuli cha kukimbilia, kwani akipinduka chali juani peke yake anaweza kufa kwa joto. Sakafu ya vigae haimfai, miguu inateleza. Mpe udongo na majani uani. Na uani kwetu kuna kunguru! Kunguru, paka, panya na siafu, wote hao kwao kobe mtoto ni kitoweo. Kizimba chake kifunikwe kwa waya juu, na usiku aingizwe ndani. Dada zetu walioko Uingereza au Canada wanajua kazi nyingine: huko lazima taa ya joto na taa maalumu ya mionzi, na bili ya umeme inasoma.

Chakula chake si makombo ya biriani. Wali, mkate, maandazi, maziwa na nyama visimfikie. Kobe wa bara mwenye madoa, ambaye ndiye wengi wanamwona huku kwetu, ni mla nyasi. Mpe ukoka, magugu yasiyopigwa dawa, na matembele. Mchicha uwe mara chache, na matunda yasiwe mazoea. Ili gamba likomae anahitaji kalsiamu, na hapa Mwenyezi Mungu ameturahisishia: ule mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, uoshe, uuanike, umwekee auparuze mwenyewe.

Kwetu mafundi, mshono ukienda kombo unafumuliwa na kitambaa kinashonwa upya. Gamba la kobe halifumuliwi. Akikosa jua na kalsiamu hulainika na mifupa hupinda. Akikaa pakavu na kulishwa vibaya, gamba huota vinundu, na vinundu hivyo atavibeba maisha yake yote. Ukiona macho yamevimba, pua inatoa mapovu, au amekataa kula siku kadhaa, usianze dawa za kubahatisha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na jambo moja linaniudhi, niliseme wazi. Gamba si kibao. Ni mfupa hai wenye mishipa ya fahamu, na ukiligusa anahisi. Kumpaka rangi, kumbandika vito, kumchora hina ili afanane na mkono wa bibi harusi, au kumtoboa ili afungwe kamba, huo ni ukatili hata kama picha imependeza.

Sasa nyinyi maharusi hasa. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba la chini ya inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wanaugua. Nyumba mpya, kwa rehema za Mungu, huwa haikawii kupata habari njema. Mja mzito na mtoto chini ya miaka 5 wanatakiwa uangalifu zaidi. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika, usimbusu, usimpitishe jikoni, na kizimba asafishe mwingine ukiwa na mimba. Basi kabla hujampokea zungumza na mume wako, na kama mnaishi kwa wakwe, zungumza na mama mkwe. Kazi hiyo isije ikamwangukia binti wa kazi ambaye hakuulizwa.

Najua wapo watakaosema ninakuza mambo, kobe wa zamani walizurura uani kwa bibi na wakaishi. Ni kweli. Lakini uani kwa bibi palikuwa na udongo, kivuli, majani na mtu nyumbani kutwa nzima. Fleti ya ghorofa ya tatu haina hayo. Wengine watasema dini haitaki wanyama ndani. Hukumu nawaachia masheikh, ila sote tumefundishwa habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kidege chake, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akawa anamuulizia hali yake kwa upole. Na tumefundishwa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Paka hulia mlangoni mpaka jirani akasikia. Kobe akiwa na njaa hasikiki na mtu, na ndiyo maana naona dhima yake ni nzito zaidi.

La mwisho ni umri. Kobe wa madoa anaweza kuishi miaka 50 na zaidi, na gamba lake likafika sentimita 40. Dume la Aldabra hupita kilo 200. Kule kisiwa cha St Helena yuko kobe aitwaye Jonathan, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832. Waliomleta pale mwaka 1882 wote wamekwenda zao. Kwa hiyo unapompokea kobe, unawapokelea na wanao. Taja mapema nani atamtunza ukihama, ukisafiri, au ukiitwa na Mola wako.

Kama ukijipima ukaona huwezi, hakuna aibu. Katika siku za fungate, pandeni boti kutoka Mji Mkongwe hadi Changuu, haichukui nusu saa. Pokeeni majani kwa walinzi, mlisheni kobe kwa mkono, msimkalie mgongoni kwa ajili ya picha, kisha rudini nyumbani salama na yeye mkimwacha salama.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa kila kilicho chini ya mikono yetu, na azibariki nyumba za maharusi wetu wote. Aamin.