Mtoto Asirudishwe Mlangoni

Kila Januari inapofika wapo wazazi wanaofika kwenye mlango wa shule wakiwa wamemshika mtoto mkono, sare imepigwa pasi na madaftari mapya yamo mkobani, wakaambiwa maneno mawili tu: "Nafasi zimejaa." Wengine huambiwa kwamba mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Wengine hudaiwa mchango wa dawati kwanza. Wengine huambiwa kwamba mtoto huyu hasikii vizuri, au hatembei sawasawa, basi atafutiwe shule ya watoto wa namna yake. Mzazi husikiliza, hushukuru, kisha hugeuka akarudi nyumbani na mtoto wake. Linalotusikitisha kupita yote ni ile shukrani.

Mzazi ameshukuru kwa sababu anadhani kwamba nafasi ya shule ni fadhila itolewayo na mwenye ofisi. Kama ingekuwa fadhila, aliyenyimwa asingekuwa na la kusema. Lakini nafasi ya mtoto katika shule ya Serikali ni haki, na mwenye haki akinyimwa anayo njia ya kudai. Njia hiyo ipo; ila wengi hawaijui, na wengine wanaoijua huogopa kuifuata. Leo twataka kuieleza waziwazi, ili mfanyakazi na mkulima wasiseme tena kwamba hawakuambiwa.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni shule za nchi hii ziligawanywa kwa rangi ya ngozi: za Wazungu mbali, za Waasia mbali, za Waafrika mbali, na hizo za mwisho ndizo zilizokuwa chache na maskini kuliko zote kwa wingi wa watu waliozihitaji. Ubaguzi huo ulifutwa kuanzia Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe na nafasi. Wananchi walifyatua matofali, wakajenga madarasa kwa mikono yao, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu kazini. Baadaye zikaja shida za uchumi, ada ikarudi, na watoto wengi wakabaki nje. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa tena. Kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada na michango ya lazima hadi Kidato cha Nne, kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 hatua hiyo ikafikishwa Kidato cha Sita. Nchi iliyofanya kazi yote hiyo haiwezi kukubali kwamba neno moja la mlangoni litoshe kuibatilisha.

Sheria nayo haina kigugumizi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ilifanya uandikishaji wa mtoto aliyetimiza umri wa shule kuwa jambo la lazima, na mzazi asiyempeleka mtoto wake aweza kushtakiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeelekeza kwamba elimu ya lazima iwe ya miaka 10 na mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Basi tuulize: yawezekanaje mzazi ashtakiwe kwa kutompeleka mtoto shuleni, na papo hapo afungiwe mlango anapompeleka? Wajibu wa mzazi kupeleka na wajibu wa mamlaka kupokea ni kama makasia mawili ya mashua moja. Likivunjika moja, mashua huzunguka pale pale.

Tusimwonee mwalimu mkuu. Mara nyingi anaposema nafasi zimejaa, anasema kweli. Anayo mikondo michache, madawati machache, na watoto wengi kupita kiasi katika chumba kimoja. Yeye hana uwezo wa kuumba chumba kwa neno. Lakini ukweli huo una mpaka wake. Shule yaweza kujaa, halmashauri haijai. Kama shule hii haina nafasi, ni kazi ya ofisi ya elimu kumwambia mzazi kwa maandishi ni shule ipi iliyo karibu itakayompokea mtoto wake, na lini. Jibu la "nafasi zimejaa" lisilofuatwa na jina la shule nyingine ni jibu nusu, na mzazi asikubali kurudi nyumbani na nusu ya jibu.

Sasa afanyeje? Kwanza, aombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi, kwa heshima na bila ugomvi. Neno la mdomo hupeperuka. Leo laweza kuwa hili na kesho likawa jingine. Kama mwalimu mkuu hataki kuandika, mzazi mwenyewe aandike siku ile ile: tarehe, jina la shule, cheo cha aliyesema naye, na maneno aliyoambiwa. Aliyekwenda naye awe shahidi.

Pili, aandike barua fupi. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Ataje jina la mtoto na umri wake, mtaa au kijiji anachokaa, siku aliyokwenda kumwandikisha, sababu aliyopewa, na ombi lake: mtoto apokewe katika shule hii, au atajiwe shule nyingine ya karibu. Aambatishe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti aambatishe kadi ya kliniki na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, huku akianza mara moja kukitafuta hicho cheti. Barua iwe na nakala mbili, na nakala inayobaki kwake igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni ushahidi kwamba ofisi iliarifiwa. Bila huo, barua hupotea na mzazi huambiwa hakuleta kitu.

Tatu, afuate ngazi bila kuziruka. Aanze kwa mwalimu mkuu na Kamati ya Shule, ambayo wajumbe wake wamo wazazi wenzake. Asiporidhika aende kwa Afisa Elimu wa Kata. Kutoka hapo aende kwa Afisa Elimu wa Halmashauri, na juu yake yupo Mkurugenzi wa Halmashauri. Kila ngazi apeleke barua ile ile pamoja na jibu alilopewa chini. Tunashauri asisubiri zaidi ya juma moja au mawili pasipo kuuliza, kwa maana masomo hayamngoji mtoto. Anayeruka ngazi hurudishwa chini, na siku zake hupotea bure.

Nne, ngazi hizo zikishindwa, ipo milango mingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwananchi mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya mahali hapo, na Afisa Ustawi wa Jamii yupo kwa kazi hiyo. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 ikairithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Wazee wetu waliona mapema kwamba Serikali ya wananchi haina budi kuwa na mahali ambapo mnyonge aweza kumshtaki mwenye ofisi. Mahali hapo hapakuwekwa pawe pambo.

Wapo watoto ambao kukataliwa kwao hakuna hata kisingizio cha chumba kujaa. Mtoto mwenye ulemavu ni mmojawapo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki sawa ya kupokewa katika shule za Serikali na za binafsi. Anayemrudisha nyumbani bila kumpima mahitaji yake na bila kumwonyesha mahali panapofaa zaidi, amevunja sheria, hata kama ametumia maneno matamu. Wa pili ni msichana aliyejifungua. Novemba 2021 Serikali ilitangaza, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaeleza, kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na ujauzito, waruhusiwe kurudi. Mkuu wa shule anayemwambia binti huyo kwamba "ataharibu wenzake" anatoa maoni yake binafsi, na maoni yake hayana nguvu mbele ya waraka. Wa tatu ni mtoto anayedaiwa mchango. Wananchi wakikubaliana kuchangia chumba au chakula, hilo ni jambo jema na la kujitegemea. Lakini mchango wa hiari ukigeuzwa kuwa kufuli la mlango wa darasa, umekwisha kuwa ada kwa jina jingine.

Kuna na wale waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza wakapangiwa shule ya mbali. Hapa twashauri uangalifu. Mtoto aripoti kwanza alikopangiwa, nafasi yake isije ikahesabiwa kuwa imeachwa. Ndipo mzazi aombe uhamisho kwa maandishi kupitia wakuu wa shule zote mbili, akieleza umbali, afya au sababu nyingine ya kweli. Kumficha mtoto nyumbani kwa kungojea jibu ni kumwadhibu yeye kwa kosa lisilo lake.

Tukiisha kusema haya, hatuna budi kusema na jambo chungu. Wengi wetu tunapokataliwa hatutafuti rufaa, tunatafuta mtu. Tunauliza ni nani anayemjua mwalimu mkuu, ni nani aliyesoma na afisa, ni kiasi gani cha "chai" kitakachofungua mlango. Huenda mtoto wetu akapata nafasi kwa njia hiyo, lakini nafasi ile imechukuliwa kwa mtoto wa dobi au wa kuli ambaye hana anayemjua wala senti ya kuhonga. Mfanyakazi atoaye rushwa kwa ajili ya mtoto wake anaweka bei juu ya haki ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake, na mwakani bei hiyo hiyo atatozwa yeye kwa mtoto wa pili. Sheria ya mwaka 2007 ya kupambana na rushwa inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Rufaa ya halali huacha nyuma yake barua, muhuri na jibu, ambavyo mzazi mwingine aweza kuvitumia. Rushwa haiachi kitu ila njaa ya rushwa nyingine.

Twajua pia kwamba mfanyakazi wa kiwandani au wa bandarini hana siku za kupoteza. Akikaa kutwa kwenye benchi la ofisi ya elimu, ujira wa siku hiyo umekwenda. Hapa ndipo pana kazi ya Chama na ya vyama vya wafanyakazi. Balozi wa shina anajua kila nyumba yenye mtoto wa umri wa shule. Na aulize kila mwisho wa mwaka ni nani bado hajaandikishwa, asingoje Januari. Tawi liwe na mtu ajuaye kuandika barua, amsaidie asiyejua, bila malipo na bila kuuliza kadi ya uanachama. Pale wazazi kumi wanapokataliwa katika shule moja, na waende pamoja wakiwa na barua moja yenye majina kumi. Sauti ya mmoja hupitwa kama upepo. Sauti ya kumi huitiwa kikao, na kikao ndicho kizaacho chumba kipya cha darasa.

Wazazi nao wasijifiche nyuma ya haki. Uandikishaji huanza miezi ya mwisho ya mwaka, na anayekuja wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa amejiletea sehemu ya taabu yake mwenyewe. Kudai haki na kutimiza wajibu ni mambo yaendayo pamoja.

Na kwa wenye ofisi tuna ombi moja. Majirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, wameandika kwamba mzazi ambaye mtoto wake amenyimwa nafasi aweza kuiarifu Bodi ya Elimu ya Kaunti, na asiyeridhika na uamuzi wa bodi aweza kukata rufaa katika baraza maalumu. Njia yao imo katika sheria, yasomeka na mtu yeyote. Nasi twataka njia yetu isomeke vivyo hivyo. Katika ubao wa matangazo wa kila shule ya Serikali pabandikwe karatasi moja yenye maneno machache: aliyenyimwa nafasi aende kwa nani, apeleke nini, na ajibiwe katika siku ngapi. Karatasi hiyo haigharimu hata bei ya mfuko mmoja wa saruji, lakini itaondoa machozi mengi mlangoni.

Siku hiyo itakapofika, mzazi atakayeambiwa kwamba nafasi zimejaa hatashukuru akaondoka. Atauliza kwa upole: "Basi mtoto wangu asome wapi?" Na pale mlangoni hapana budi awepo mtu wa kumjibu.