Kiondo kina bei, mbona msusi hana jina?

Sisi watu wa pwani hatuhitaji mtu wa kutufundisha thamani ya kazi ya mkono. Mtu akivaa kofia ya viua siku ya Ijumaa, mwenye macho huitambua toka mbali, akajua hiyo si ya kiwanda. Mkeka mzuri wa ukindu twautandika akija mgeni. Lakini hebu muulize mwenye kofia, "Nani aliyeishona?" Mara nyingi atakutajia duka alikoinunua, au rafiki aliyemletea kutoka Lamu au Unguja. Mama aliyekaa miezi akishona vile vitundu hana jina vinywani mwetu.

Jambo hili lilinijia kwa nguvu nilipofika Kiriaini, mbali na bahari, nikamwona mama mmoja akisuka kiondo.

Kiriaini ni mji mdogo wa upande wa Mathioya, katika Kaunti ya Murang'a, karibu na mpaka wa Nyeri. Kutoka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Ni nchi ya milima na mabonde, baridi yake yaingia mifupani, na miteremko imejaa chai. Mama huyo ni mkulima wa chai kama majirani zake. Majirani humwita cucu, yaani bibi, nami nikamwamkia vivyo hivyo. Hakutaka jina lake litiwe gazetini, na ombi lake nimeliheshimu. Jina nitakalolidai katika makala haya ni la kutiwa kwenye kazi yake, wala si la kutangazwa barabarani.

Siku yake huanza kabla ya alfajiri. Humkama ng'ombe, huwasha moto, kisha huingia shambani kuchuma chai hadi kapu limjae mgongoni. Chai ikishapimwa, hurudi nyumbani kupika na kupalilia. Nikajiuliza, basi kiondo husukwa saa ngapi? Jibu ni kwamba husukwa katika nyufa za siku. Husukwa njiani akienda kupimisha chai, husukwa kwenye mkutano wa chama cha akina mama, husukwa jioni chungu kikiwa jikoni. Miguu yatembea, mdomo wazungumza, na vidole havisimami.

Kazi yenyewe haianzi na kusuka. Kwanza ni uzi. Zamani wanawake wa Kikuyu walitumia nyuzi za magome ya vichaka. Mkonge ulikuja baadaye, kwani asili yake ni Mexico, na katika Afrika Mashariki uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwaka 1893. Siku hizi mama huyu hununua mkonge sokoni, akauchambua, akausokota kwa kiganja juu ya paja mpaka uwe uzi mwembamba wenye nguvu. Kisha huutia rangi kwa kuuchemsha, wakati mwingine kwa mizizi na magome, wakati mwingine kwa rangi ya unga ya dukani. Wengine hufumua sweta kuukuu wakapata nyuzi za sufu.

Hapo ndipo kiondo kinapoanzwa, nacho huanzwa kitakoni. Nyuzi za mtande hupangwa zikakutana katikati kama miale ya jua, kisha nyuzi mbili za mshindio huzungushwa, moja mbele na moja nyuma, zikishika kila mtande kwa zamu. Kadiri kitako kinavyopanuka ndivyo mitande mipya inavyoongezwa. Akikosea hesabu hapo chini, kiondo kitakwenda upande, na huko juu hakuna dawa. Tena hana mchoro wa karatasi wala kipimo. Mistari na pembe zote zimo kichwani.

"Bibi, michoro hii waitoa wapi?" nilimuuliza.

"Wa kwanza nilipewa na mama yangu," akasema. "Hii mingine huiona usiku kabla sijalala."

Mtu aonaye mchoro gizani, kisha akautoa kwa vidole vyake, sisi twamwitaje? Angekuwa atia rangi kwenye turubai katika jumba la maonyesho pale Nairobi tungemwita msanii bila kusita. Kwa kuwa ni mama wa mashamba, na kwa kuwa kazi yake hubebewa viazi, twamwita mama wa vikapu.

Nikamuuliza habari ya bei. "Nahesabu mkonge, nahesabu rangi," akasema, "halafu naongeza kidogo cha sukari."

"Na siku zako je?"

Akacheka. "Siku si za Mungu, mwanangu? Nani atazilipa?"

Ndugu msomaji, jibu hilo limenikaa moyoni. Kweli siku ni za Mungu, hilo halina ubishi. Lakini ujira ni deni la binadamu. Sisi tuliolelewa katika mafunzo ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, hatuwezi kulisikia jibu hilo tukapita kama tuliosikia mzaha. Kiondo cha kiasi humchukua mama huyu wiki mbili za nyufa hizo za siku. Anapolipwa mkonge, rangi na sukari, wiki mbili hizo amezitoa bure, na aliyezipokea hata hajui kuwa amepewa zawadi.

Kutoka kwake kiondo huenda kwa mchuuzi, kutoka kwa mchuuzi huenda mjini, kikatiwa mikanda ya ngozi na bitana ndani. Kikifika kwenye kioo cha duka huwa na kijikaratasi chenye jina, nalo ni jina la duka. Sisemi kwamba mchuuzi ni mwizi. Ana nauli ya kulipa, ana ngozi ya kununua, ana kodi ya duka. Lakini mnunuzi akilipa bei kubwa hulipia nini hasa? Ngozi aweza kuipata popote. Alichokipendea kiondo ni ule msuko, na huo ndio uliolipwa kidogo kuliko vyote.

Watu watasema, "Msusi akidai zaidi, mnunuzi atakimbilia cha rahisi." Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana yamekwisha kutokea. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiondo kilipata soko kubwa Ulaya na Marekani, wanawake mijini humo wakakitembeza begani kama pambo. Soko lilipokomaa zikaja bidhaa za kuiga kutoka Asia, nyingine za mashine, za bei ya chini, na msusi wa huku akaachwa. Lakini tazama vizuri funzo lake. Mkono wa mama haukushindwa kwa uzuri, ulishindwa kwa urahisi wa bei. Katika mbio hizo mashine itashinda leo, kesho na keshokutwa. Anayemshauri msusi apunguze bei ili ashindane na mashine anamshauri afe taratibu.

Na sisi wa pwani ndio mashahidi wa kifo cha namna hiyo. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipopita Mogadishu aliandika kwamba vitambaa vilivyofumwa pale vilisafirishwa mpaka Misri. Huko Kilwa wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi. Nguo za Pate zilisifiwa na Wareno. Kisha katika karne ya 19 marobota ya merikani yakashushwa Unguja, yakaenea mwambao mzima mpaka bara, nguo ya kiwanda, nyepesi kwa bei. Leo ni nyumba ngapi za Pate zenye kitanda cha mfumi? Na hao wafumi waliovisha wafalme, nani awezaye kutaja jina la mmoja wao tu? Ufundi ulikwenda na majina yakaenda nao.

Pale Kiriaini msiba huo haujafika, lakini uko njiani. Mjukuu wa mama yule ajua kuanza kitako, nimemwona. Nikamuuliza kama atarithi kazi ya bibi yake. Alinijibu kwa adabu kwamba kuchuma chai ya watu kwa kilo kwamlipa upesi zaidi. Binti huyo si mvivu wala hajadharau mila. Amepiga hesabu ambayo bibi yake hakuipiga.

Sheria je? Sheria tunazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, yaliagiza Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Nasi twakumbuka kisa cha kikoi, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba mwaka 2006 kulisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara kule kwao. Watu walipiga kelele, na ombi lile halikufaulu. Ni jambo jema. Hata hivyo sheria hulinda jina la kiondo, hulinda jina la kikoi. Haimtii shilingi mkononi mwanamke wa Mathioya ambaye hakuna anayejua kuwa yeye ndiye aliyesuka.

Kwa hiyo nashauri tuanze na jina la mtu. Wala si jambo la kigeni kwetu. Nani mwambao huu asiyeijua kanga yenye maandishi ya "Mali ya Abdulla"? Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887. Mwenye duka alitia alama ili mnunuzi aitofautishe kanga yake na za wengine, na mpaka leo akina mama huitafuta alama hiyo kabla ya kufungua mkoba. Ikiwa jina la muuzaji limeipa kanga heshima, jina la msusi litashindwaje kukipa heshima kiondo? Kijikaratasi kiandikwe nani amesuka, amesukia wapi, na kwa siku ngapi. Mashine haiwezi kuandika hayo.

Pili, vyama vya akina mama vijifunze kuhesabu siku pamoja na mkonge. Chama kikiwa na bei moja iliyotiwa siku ndani yake, mchuuzi hatapata mwanya wa kumwendea mmoja mmoja akimpunguzia. Tatu, kazi hii ifundishwe mashuleni kwa mkono wa mama kama huyu, naye alipwe kama mwalimu mwingine.

Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, vikapu na vyondo vimerudi sokoni. Twavibeba kwenda kununua samaki na nazi, navyo vyatufaa. Basi unaponunua kiondo, au mkeka, au kofia ya viua, muulize muuzaji maswali mawili: nani aliyekifanya, na alipata ngapi? Huenda siku ya kwanza asijue. Wakiuliza kumi atalazimika kujua, na wakiuliza mia ataandika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Msusi wa Kiriaini hakuomba sadaka, wala mshona kofia wa Lamu haombi. Wote wawili wametoa siku zao. Wanadai zihesabiwe.