Tairi kubwa zinadai difu nayo ibadilishwe

Mwandishi, kwenye makala yako ya tairi kubwa, ya gari kunyanyuka umeyaeleza vizuri, ila suala la gia umelipita haraka. Hilux ya tairi za 265/65R17 ukiivalisha za 285/70R17, kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 831, ongezeko la asilimia 7. Kwa hiyo difu ya uwiano wa 4.10 inabaki kama ya 3.83. Pikapu ninayoendesha kazini ilivalishwa hizo, na tukipanda mlima Kitonga na mzigo wa vitunguu, kona za gia ya tatu sasa zinataka ya pili, na ukiondoka kwenye foleni ya malori klachi inanuka. Ndugu mnaosema itakula mafuta kidogo kwa kuwa injini inazunguka polepole, labda kwenye tambarare bila mzigo. Anayebeba mizigo abadilishe kraunwili na pinioni za difu, au abaki na saizi ya kiwandani.