Motokaa Inapokataa Kuamka kwa Baridi



Wenzetu wanaokaa Molo na Kinangop wanajua jinsi asubuhi ya mwezi wa Julai ilivyo. Jalidi hulala juu ya majani kama unga uliomwagika, vidole hufa ganzi, na lori la maziwa hukohoa mara tatu nne kabla ya kunguruma. Likikataa kabisa, vijana huitwa wakalisukuma mpaka mteremkoni, nalo huwaka. Hapo husema kwamba tumeishinda baridi.

Lakini baridi yetu ni mtoto mchanga tu. Mwana wa kaka yangu anasoma Kanada, katika mji wa Winnipeg, naye ameniandikia habari ambazo naona si haki kukaa nazo peke yangu. Wengi wetu tuna watoto na ndugu katika nchi hizo, na tena ndani ya habari hizi limo jambo la kufa na kupona.

"Baba mdogo," aliandika, "nilinunua motokaa kuukuu mwezi wa Agosti, ikanitumikia vyema. Asubuhi moja ya Januari kipimo kilionyesha nyuzi 35 chini ya sifuri. Nikapiga stata, injini ikaguna kama mgonjwa. Nikapiga tena na tena, mpaka betri ikaisha moto kabisa."

Kijana huyu alifikiri kwamba ukaidi hushindwa kwa nguvu. Kumbe injini haikuwa na ukaidi wowote. Katika baridi kama hiyo oili huwa nzito kama asali ya zamani, na vyuma haviwezi kuzunguka upesi. Petroli nayo haigeuki kuwa mvuke kwa urahisi, na bila mvuke haishiki moto. Betri hutoa nguvu kwa dawa zilizomo ndani yake, na dawa hizo hulegea kwa baridi. Hata katika nyuzi 18 tu chini ya sifuri, betri hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Basi saa ile ile mzigo unapokuwa mzito kupita kiasi, ndipo mchukuzi naye anapokuwa dhaifu kupita kiasi. Wenye dizeli wana taabu nyingine zaidi: ndani ya dizeli mna nta, nayo huganda ikaziba chujio. Kwa hiyo huko huuzwa dizeli ya namna yake kwa majira ya baridi.

Wenyeji wa huko walijifunza zamani kwamba kazi ya asubuhi hufanywa jioni. Marubani wa Alaska na wa kaskazini ya Kanada, walipotua jioni, walimwaga oili ingali moto, wakaichukua nyumbani na kuiweka karibu na jiko. Asubuhi waliipasha moto tena, wakairudisha ndani ya injini, kisha ndipo walipoiwasha. Baadaye Andrew Freeman, mtu wa Grand Forks huko North Dakota, Marekani, alibuni chombo cha umeme cha kutia joto ndani ya injini, akapewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1949.

Siku hizi chombo cha namna hiyo ni kitu cha kawaida huko. Waya wake hutokeza mbele ya motokaa, na mwenyewe huuchomeka katika umeme, hata mgeni akashangaa kuona magari yamefungwa kamba kama mbuzi kwenye vigingi. Si lazima umeme uwake usiku kucha. Saa mbili mpaka nne kabla ya safari zatosha, na wengi hutumia saa maalumu inayouwasha yenyewe.

Yako na mengine ya kutayarishwa mapema. Oili iwe nyepesi, yenye alama ya 0W au 5W. Herufi hiyo W ni ishara ya majira ya baridi. Maji ya rejeta yachanganywe nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda, kwa maana maji yakiganda huvimba na kupasua chuma. Mchanganyiko huo hustahimili mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Lakini mtu asidhani kwamba dawa tupu itamfaa zaidi, kwani bila maji huganda mapema kuliko mchanganyiko.

Injini ikiisha kuwaka, usiikanyagie mafuta ingurume. Magari ya zamani yenye kabureta yalihitaji kungojewa sana. Ya siku hizi hayahitaji zaidi ya dakika chache, kisha yaendeshwe polepole, maana injini hupata joto upesi ikifanya kazi kuliko ikisimama. Tairi nazo hukakamaa, na mahali zilipokalia ardhi huwa bapa, hata motokaa ikaruka-ruka mwanzoni kama mkokoteni.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Siku nyingine mpwa wenu huyo aliiwasha motokaa ndani ya banda, akafunga mlango ili baridi isiingie, akaketi ndani angojee joto. Jirani yake, mzee wa makamo, alisikia mngurumo, akaja mbio akaufungua mlango na kumtoa nje. Moshi wa injini una hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema, na mtu husinzia asiamke tena. Kwa hiyo motokaa itolewe nje mara inapowaka, na theluji iondolewe kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha.

Msiseme kwamba hayo ni ya Kanada. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayotoka katika jiko la makaa tunaloliingiza chumbani usiku wa Julai, tukafunga madirisha, tukalala na watoto. Kijana wetu aliokolewa na jirani aliyesikia mngurumo. Jiko halingurumi.

Tahadhari kabla ya hatari. Jioni ya leo, kabla hamjalala, litoeni jiko nje.